Kizuri Hakijiuzi Ughaibuni

Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Katika soko la mtaani, ambako mnunuzi anamjua muuzaji na anaushika mzigo kwa mikono yake, usemi huo una ukweli. Bidhaa ikivuka bahari mambo hugeuka, maana huko kizuri kisichotembezwa huozea ghalani. Ndiyo sababu mataifa madogo, yasiyo na soko kubwa la ndani la kuwalea wafanyabiashara wake, hutuma misafara ya kibiashara nje. Nikilinganisha Zanzibar ya Sayyid Said, Ayalandi ya katikati ya karne ya 20 na Rwanda ya karne hii, naona jambo moja waziwazi: matunda ya msafara hutegemea kilichofanyika kabla ya safari na anayebaki baada yake. Safari yenyewe ni sehemu ndogo ya kazi.

Mwishoni mwa Aprili 1840, meli ya Sayyid Said, Sultani wa Oman na Zanzibar, iitwayo Sultana ilitia nanga New York ikitokea Unguja. Msafara uliongozwa na Ahmad bin Na'aman, katibu wa Sultani. Melini mlikuwa na tende, kahawa ya Mocha, mazulia ya Uajemi, pembe za ndovu, sandarusi, karafuu na ngozi, pamoja na farasi wawili wa Kiarabu, zawadi kwa Rais Martin Van Buren. Kwa upande wa heshima, ujumbe ule ulifana. Watu walimiminika bandarini kuwatazama wageni, mchoraji Edward Mooney akamchora Ahmad, na meli iliyofika ikiwa imechakaa ikakarabatiwa kwa gharama ya serikali ya Marekani. Shehena iliuzwa. Mwezi Agosti Sultana iling'oa nanga ikiwa imesheheni vitambaa vya pamba, shanga na baruti, na Ahmad akarudi nayo.

Wafanyabiashara wa Salem, Massachusetts, walikuwa wameshika njia nyingine. Mkataba wa 1833, uliofikiwa Muscat na mjumbe Edmund Roberts, uliwapa Wamarekani ushuru wa asilimia 5 na ruhusa ya kukaa katika bandari za Sultani. Mwaka 1837 Richard Waters wa Salem akafika Unguja akiwa konsuli na mfanyabiashara kwa wakati mmoja. Alikaa huko miaka, akashirikiana na Jairam Shivji, msimamizi wa forodha, akajifunza kitambaa gani kinatakiwa bara na mzigo gani unashuka pwani. Merikani, yaani kitambaa cha pamba kutoka Marekani, ikaenea hadi ikawa kama fedha kwenye njia za misafara, na biashara kati ya pande hizo mbili ikaendelea kubebwa zaidi na meli za Wamarekani. Tulipeleka meli nzuri yenye mali nzuri. Wao walimwacha mtu, na mtu ndiye aliyeshinda.

Ayalandi ilikuwa na watu wasiofika milioni 3 na ilitegemea mno soko la Uingereza. Mwaka 1951 serikali yake iliunda Córas Tráchtála, shirika la kukuza mauzo ya nje, likianzia na masoko ya dola ya Marekani na Kanada. Shirika hilo lilifungua ofisi ughaibuni, lakini hatua yake ya kijasiri zaidi ilifanyika nyumbani. Mwaka 1961 liliwaalika wabunifu watano kutoka nchi za Skandinavia wapite viwandani na shuleni, waseme bila kuficha bidhaa za Ayalandi zina kasoro gani. Waliisifu tweed ya Donegal, kitambaa kizito cha sufu, ila wakaikosoa vikali elimu ya ubunifu nchini. Ripoti iliuma, nayo ikachapishwa hadharani mwaka uliofuata. Mwaka 1963 zikaanzishwa karakana za ubunifu za Kilkenny, katika mazizi ya zamani ya farasi ya kasri la mji huo. Ni kweli kwamba kupanuka kwa mauzo ya Ayalandi kulisukumwa pia na kampuni za kigeni na kujiunga na Jumuiya ya Ulaya mwaka 1973. Hata hivyo, taifa lililokubali kukosolewa kabla ya kwenda sokoni lilijijengea desturi ambayo fedha za mwekezaji haziwezi kuinunua.

Rwanda iliugeuza msafara kichwa chini miguu juu: ikamleta mnunuzi shambani. Mwaka 2008 ilikuwa nchi ya kwanza Afrika kuandaa mashindano ya kahawa ya Cup of Excellence. Waonjaji wa kimataifa walikuja nchini, wakazunguka meza yenye vikombe visivyo na majina, wakavuta kahawa kwa kijiko kwa sauti, wakaitema na kuandika alama. Kikombe chenye harufu ya kiazi kibichi, dosari inayojulikana sana katika kahawa ya Rwanda na Burundi, kilianguka papo hapo. Kahawa zilizoshinda zilipigwa mnada kwa intaneti. Mgeni njoo, mwenyeji apone: mnunuzi alikiona kituo cha kuoshea kahawa, na ushirika wa wakulima ulijua kwa nini umekosa alama.

Mifano hii mitatu inatufunza wajibu. Hebu tumfikirie mama wa Paje, Unguja, anayetengeneza sabuni ya mwani. Kumpa kiti kwenye ndege na meza kwenye maonesho ni jambo jema, ila bado anahitaji cheti cha maabara kinachokubalika aendako, lebo kwa lugha ya mnunuzi, na njia nafuu ya kusafirisha katoni chache badala ya kontena zima. Anahitaji pia mtaji wa kumvusha, kwa kuwa mnunuzi wa nje anaweza kulipa siku 60 au 90 baada ya kupokea mzigo. Zaidi ya yote, oda ya kwanza ikichelewa, lazima awepo mtu katika mji ule anayeweza kupiga simu, kwenda dukani na kuuliza kuna nini.

Kwa hiyo, ujumbe wa wafanyabiashara unaporudi, tusiulize tu ni hati ngapi za makubaliano zilizotiwa saini. Tuulize baada ya mwaka mmoja: nani amepata oda ya pili? Oda ya kwanza huweza kuja kwa adabu, kwa udadisi au kwa urafiki wa serikali mbili. Ya pili huja kwa sababu bidhaa imempendeza mnunuzi na mtu amemfuatilia. Balozi zetu zina maofisa, na Watanzania, Wakenya na Wanyarwanda wanaoishi Muscat, London na Minneapolis wanaijua mitaa ya huko. Tuwape kazi hiyo rasmi, tuwalipe, na tuwapime kwa oda hiyo ya pili.