Presha: Kutoka panya wa maabara hadi vijiji vya Hai

Wengi tumezoea kusikia kuwa presha ni ugonjwa wa watu wa mjini. Utafiti uliochapishwa mwaka 2000 ulionyesha vingine. Watafiti waliwapima watu wazima wa Ilala, Dar es Salaam, na wa Shari, wilayani Hai, kwenye miteremko ya Kilimanjaro. Kote kuwili, takriban watu 3 kati ya 10 walikuwa na shinikizo la juu la damu. Katika kila 100 wenye tatizo hilo, waliojua hawakufika 20, waliotibiwa walikuwa kama 10, na ambao presha yao ilidhibitiwa hawakufika hata mmoja.

Utafiti mwingine wa Hai, uliochapishwa mwaka 2013, ulihusu wazee wa miaka 70 na zaidi. Karibu 7 kati ya 10 walikuwa na presha.

Presha huharibu nini?

Moyo unaposukuma damu, damu hukandamiza kuta za ateri. Kipimo kikibaki 140 kwa 90 au zaidi kila kinaporudiwa, mara nyingi mtu huwa hasikii chochote. Lakini ndani, mishipa ya ubongo, moyo na figo inaumia.

Mengi tunayoyajua kuhusu madhara hayo yalianzia kwa wanyama. Mwaka 1934, Harry Goldblatt wa Marekani alibana ateri ya figo ya mbwa, na presha ikapanda. Mwaka 1939, Wilson na Byrom wa Uingereza walibana ateri ya figo moja ya panya. Figo iliyobanwa ilisalimika. Iliyoachwa wazi ndiyo iliyopata majeraha kwenye mishipa yake, kwa kuwa ndiyo iliyopokea nguvu yote ya damu. Mwaka 1963, Okamoto na Aoki wa Kyoto, Japani, walitangaza kizazi cha panya wanaopata presha kwa kurithi tu.

Chembe za kinga nazo zimo

Ateri iliyoumia huvimba na kuvamiwa na chembe za kinga za mwili. Kwa muda mrefu hali hiyo ilidhaniwa kuwa matokeo tu ya presha. Mwaka 2007, wanasayansi wa Marekani walitumia panya wadogo wasio na limfosaiti, ambazo ni chembe za kinga. Walipopewa homoni ya kupandisha presha, haikupanda sana kama kwa wenzao. Walipoongezewa chembe T, ikapanda. Kumbe presha huumiza mishipa, na kinga iliyochochewa nayo huongeza presha.

Tahadhari kwa msomaji

Panya si binadamu, na matokeo haya hayamaanishi kuwa dawa za kupunguza uvimbe hutibu presha. Kinyume chake, diklofenaki na ibuprofeni, zinazonunuliwa kirahisi madukani, zinaweza kupandisha presha na kudhuru figo. Mwenye presha amwulize mtaalamu kabla ya kuzitumia.

Tupunguze chumvi, na tukumbuke kuwa magadi tunayotia kwenye kiburu nayo yana sodiamu. Tupimwe hata kama hatuumwi. Na aliyeanza dawa asiache kwa sababu anajisikia vizuri: huenda anajisikia hivyo, na kipimo chake kimeshuka, kwa sababu ya dawa hiyo hiyo.