Mahindi ya Kitale: toleo namba 611

Jamani wasomaji, tukitaja teknolojia wengi wetu tunawaza kompyuta na simu tu. Lakini miongo mingi kabla ya simu ya mkononi, teknolojia nyingine iliingia vijijini Kenya ikiwa ndani ya mfuko: mbegu ya mahindi chotara.

Mwaka 1955 mtafiti Michael Harrison alianza kazi ya kuboresha mahindi kule Kitale. Tatizo lilikuwa hili: mahindi ya pale yalikuwa ya ukoo mmoja, na ukioza ndugu kwa ndugu hupati nguvu mpya. Mwaka 1959 akasafiri Amerika ya Kusini na ya Kati kutafuta damu ngeni. Sampuli moja, Ecuador 573, ilipochanganywa na Kitale Synthetic II, mavuno yalizidi yale ya mzazi wa Kitale kwa karibu asilimia 40! Mwaka 1964 chotara hiyo ikatolewa kwa jina H611.

Sasa, sisi waandika programu tunajua kwamba kutoa toleo ni kazi nusu. Nani atalisambaza? Hapa ndipo usimamizi ulipofanya kazi. Kwanza, H611 ilitokana na wazazi wawili wenye nguvu, si mistari dhaifu kama chotara nyingi za Marekani, kwa hiyo kuizalisha kulikuwa rahisi. Pili, Kenya Seed Company, iliyoanzishwa 1956 kwa ajili ya mbegu za nyasi za malisho, ilikuwa hapo hapo Kitale. Tatu, mbegu iliuzwa katika maduka madogo ya vijijini, kando ya sukari na chumvi. Mkulima mdogo hakuhitaji kusafiri.

Lakini kuna upande wa pili. Chotara ni kama leseni: ukipanda punje ulizovuna, nguvu inapungua, lazima ununue tena. Na H614, iliyotoka 1976 na kurekebishwa 1986 kuwa H614D, bado inauzwa leo, ingawa watafiti wametoa aina nyingi mpya tangu hapo. Mkulima hawezi kuhatarisha chakula cha mwaka mzima kwa jina asilolijua.

Kwa maoni yangu, utafiti hauishii maabara wala shamba la majaribio. Unaishia dukani, mkulima anapotoa pesa yake. Bajeti isiyofika pale ni hasara.

Je, kwenu mnapanda namba gani?