Mkataba wa Kupangisha Ardhi Haumwondolei Mmiliki Dhima ya Uchafuzi wa Sumu

Mmiliki wa kiwanja anapokipangisha kwa mwenye kiwanda, hupokea kodi yake na mara nyingi huamini kwamba yatakayotendeka ndani ya ua ni shauri la mpangaji. Hukumu iliyotolewa na Mahakama ya Mazingira na Ardhi mjini Mombasa tarehe 16 Julai 2020, kuhusu mtaa wa Owino Uhuru, ilionyesha kwamba imani hiyo haitoshi kumkinga mtu mbele ya sheria za Kenya. Kampuni iliyokuwa imekipangisha kiwanja, ingawa si yenyewe iliyokuwa ikiendesha kiwanda, ilibebeshwa asilimia 5 ya dhima.

Kiwanda hicho kiliyeyusha betri kuukuu za magari ili kupata madini ya risasi, kikiwa kimepakana na makazi ya watu wapatao 3,000, kuanzia mwaka 2007 hadi 2014. Risasi haiozi wala haipotei kwa mvua chache. Ikishatua kwenye udongo hubaki humo kwa miaka mingi, na wanaodhurika zaidi ni watoto, ambao hucheza chini na kupeleka mikono kinywani. Ndiyo maana kufungwa kwa kiwanda hakukumaliza shauri. Moshi ulikoma, lakini sumu iliyokwisha kutua ilibaki uani na kandokando ya nyumba.

Mahakama iliwapa wakazi fidia ya shilingi bilioni 1.3. Aidha, iliamuru udongo na maji yasafishwe na taka ziondolewe katika muda wa miezi 4, la sivyo zilipwe shilingi milioni 700 za kugharimia usafishaji. Mgawo wa dhima haukuzipendelea taasisi za umma: Mamlaka ya Kitaifa ya Usimamizi wa Mazingira (NEMA) ilipewa asilimia 40, wizara zinazosimamia mazingira na afya asilimia 10 kila moja, na mamlaka ya maeneo ya uzalishaji wa bidhaa za kuuzwa nje (EPZA) asilimia 10. Mwendeshaji wa kiwanda alipewa asilimia 25 na mmiliki wa ardhi asilimia 5. Mwaka 2023 Mahakama ya Rufani ilitengua kiwango cha fidia, lakini tarehe 6 Desemba 2024 Mahakama ya Upeo ikakirejesha.

Asilimia 5 yaweza kuonekana ndogo. Hata hivyo, kwa fidia ya bilioni 1.3 pekee, sehemu hiyo ni shilingi milioni 65, na kodi ya kiwanja kimoja huchukua miaka mingi kufikia kiasi hicho.

Sababu ya mmiliki kufikiwa na dhima ni kwamba mkataba huwafunga waliotia saini tu. Jirani anayevuta moshi hakutia saini, wala NEMA haikutia saini. Ibara ya 42 ya Katiba ya mwaka 2010 inampa kila mtu haki ya kuishi katika mazingira safi na yenye afya, na Ibara ya 70 inamruhusu kwenda mahakamani haki hiyo inapovunjwa au kutishiwa, bila ya kulazimika kuthibitisha kwamba kuna mtu aliyekwisha kupata hasara au madhara. Kifungu cha 108 cha Sheria ya Usimamizi na Uratibu wa Mazingira ya mwaka 1999 kinaipa NEMA uwezo wa kutoa amri ya kurejesha mazingira katika hali yake ya awali, kadiri inavyowezekana. Nacho kifungu cha 142 kinairuhusu mahakama kumwagiza aliyepatikana na hatia ya uchafuzi kulipa gharama yote ya usafishaji. Hakuna sentensi katika mkataba wa upangaji inayoweza kufuta lolote kati ya hayo.

Je, basi, vifungu vya mkataba kuhusu uchafuzi vina kazi gani? Vina kazi kubwa, ila ni kati ya wahusika wenyewe. Huamua nani atamrudishia mwenzake fedha baada ya dola au jirani kudai chake.

Mfano unaotajwa mara nyingi kuhusu tofauti hiyo ni wa Love Canal, katika mji wa Niagara Falls, jimbo la New York nchini Marekani. Kampuni ya Hooker Chemical ilizika maelfu ya tani za taka za kemikali katika mfereji ulioachwa, kisha mwaka 1953 ikauhamisha uwanja huo kwa bodi ya shule kwa bei ya dola 1. Hati ya uhamisho ilitamka kwamba mnunuzi amejulishwa kuhusu taka hizo, kwamba anabeba hatari yote, na kwamba hakuna dai litakaloelekezwa kwa muuzaji. Shule ikajengwa na nyumba zikazunguka. Mwaka 1978 Rais Jimmy Carter akatangaza hali ya dharura, na mamia ya familia zikahamishwa.

Kwa maneno ya hati ile, kampuni ilikuwa salama. Lakini sheria ya shirikisho iliyotiwa saini mwezi Desemba 1980 ilifungua njia ya kuwadai gharama wale waliotupa taka hata zamani, na ikatamka kwamba makubaliano ya watu wawili hayawezi kuhamisha dhima hiyo mbele ya serikali, ingawa yanabaki halali baina yao. Mwaka 1995 kampuni ya Occidental, iliyokuwa imeinunua Hooker, ilikubali kuilipa serikali ya shirikisho dola milioni 129. Na hata kama ingeigeukia bodi ya shule kwa kutumia hati ya 1953, bodi ya shule ya mji mdogo ingetoa wapi fedha za namna hiyo?

Swali hilo ndilo linalopaswa kuulizwa na kila anayepangisha ardhi kwa kituo cha mafuta, gereji, kiwanda cha ngozi, ghala la viuatilifu au mtu anayekusanya betri kuukuu. Ahadi ya kufidia ina thamani sawa na uwezo wa aliyeitoa. Kampuni iliyoandikishwa kwa ajili ya mradi mmoja, isiyomiliki chochote ila mitambo ya kukodi, yaweza kutia saini ahadi nzito kuliko zote na kutoweka kabla ya udongo kupimwa.

Sheria ya Ardhi ya mwaka 2012 humsaidia mwenye ardhi kwa kiasi fulani. Kifungu cha 66 kinaingiza katika kila mkataba wa upangaji, hata usiotamka hivyo, wajibu wa mpangaji kuitumia ardhi kwa namna endelevu na kwa kufuata sheria, na kuirudisha katika hali iliyokuwa nayo upangaji ulipoanza, isipokuwa mkataba useme vinginevyo kuhusu urejeshaji huo. Ugumu uko katika maneno “hali iliyokuwa nayo”. Endapo udongo haukupimwa siku ya kukabidhi, mpangaji atadai kwamba aliukuta umechafuka, na mara nyingi dai hilo si la uongo, kwa kuwa viwanja vya viwanda hupokezana wapangaji. Sampuli za udongo na za maji ya kisima, zikichukuliwa na maabara inayotambuliwa na matokeo yake kuambatanishwa na mkataba, hugharimu kidogo zikilinganishwa na kesi ya miaka 10. Upimaji huo humlinda mpangaji pia, asije akalipia mafuta yaliyomwagwa na mwingine kabla yake.

Mkataba unaofaa hutaja shughuli zinazoruhusiwa kwa majina, badala ya kusema “biashara halali” tu. Humpa mwenye ardhi ruhusa ya kuingia na kukagua, na nakala za ripoti za ukaguzi wa mazingira zinazopelekwa NEMA. Hueleza usafishaji ufikie kiwango gani na nani atathibitisha. Hutamka kwamba wajibu huo hauishi siku funguo zinaporudishwa, kwani sumu hugunduliwa baadaye. La muhimu zaidi, huweka fedha mahali zinapofikika: dhamana ya benki, au amana isiyorudishwa hadi vipimo vya mwisho vitoke. Neno “mpangaji atawajibika” pasipo fedha nyuma yake ni wino tu.

Serikali nayo ina utaratibu unaofanana na huo. Kifungu cha 28 cha sheria ya mazingira kinaruhusu shughuli zenye hatari kubwa zitozwe amana ya dhamana, na kifungu cha 25 kinaunda mfuko wa kurejesha mazingira kwa hali ambazo mchafuzi hatambuliki. Mifuko hiyo haimwondolei wajibu mchafuzi anayejulikana.

Kwa mnunuzi wa ardhi, mambo ni yaleyale, ila baada ya uhamisho hana kodi ya kuzuia kama silaha ya mwisho. Inafaa sehemu ya bei ibaki mikononi mwa mawakili hadi vipimo vikamilike, na muuzaji aeleze kwa maandishi matumizi yote ya awali anayoyajua.

Mwananchi anayeishi jirani na eneo lililochafuliwa hahitaji kuuona mkataba wowote. Anaweza kulalamika kwa NEMA au kwa Kamati ya Kitaifa ya Malalamiko ya Mazingira, au kwenda moja kwa moja katika Mahakama ya Mazingira na Ardhi. Kwa upande wake, aliyepewa na NEMA amri ya kurejesha mazingira na asiyeridhika nayo ana siku 60 za kukata rufaa katika Baraza la Kitaifa la Mazingira.