04/03 ni lini kwani? Stori ya kakalenda za mtandaoni na vile zinachanganya watu

Cheki hii tarehe: 04/03/2027. Ukiwa Nairobi hiyo ni tarehe nne mwezi wa tatu, hakuna maneno. Lakini msee wa Chicago akiiona anasoma tarehe 3 Aprili, juu Marekani mwezi hukuja kwanza. Hapo katikati mwezi karibu mzima umepotea. Kama hiyo ilikuwa siku ya intavyu ya visa ama dedilaini ya skolashipu, umeenda hivyo.

Ndio maana tovuti nyingi ziliachana na kuandika tarehe kwa mkono zikaweka kakalenda: unabonyeza kisanduku, kalenda inafunguka, unachagua siku. Inakaa kitu ndogo. Lakini jaribu kuifanya ieleweke na mtu wa Mombasa, Addis Ababa, Riyadh na Tokyo (hao wa Tokyo huanza na mwaka) na utajua hujui. Wengi hudhani kazi ni kutafsiri majina ya miezi. Hiyo ndio sehemu rahisi.

Ju, Ju, Ju

Tuanze hapa nyumbani. Kakalenda nyingi hukata jina la siku zibaki herufi mbili juu ya kila safu. Kiingereza kinakubali: Mo, Tu, We. Sasa fanya hivyo na Kiswahili kuanzia Jumatatu: Ju, Ju, Ju, Al, Ij, Ju, Ju. Noma. Ukiongeza herufi ya tatu unapata Jum mara tano. Na dawa watu wako nayo kwa simu zao miaka mingi: J3, J4, J5. Lakini programu inayokata herufi tu haiwezi kuota hiyo. Lazima mtu anayeongea lugha akae chini achague vifupi mwenyewe.

Na hapo ndani kuna kichekesho. Jumamosi ni mosi, Jumapili ni pili, mpaka Jumatano, ya tano. Halafu inafuata Alhamisi, jina la Kiarabu, ambalo pia maana yake ni ya tano! Waarabu walihesabu kutoka Jumapili, Waswahili wakahesabu kutoka siku inayofuata Ijumaa. Kwa hivyo ukifuata majina, wiki yetu inaanza Jumamosi, ingawa ofisini kila mtu anaianza Jumatatu na kuna kalenda kibao za ukutani zinazoanza Jumapili.

Kwa nini hii ni muhimu? Juu watu hawasomi majina ya siku, wanaangalia mahali. Jicho likizoea wikendi iko mwisho wa mstari, utabonyeza safu ya mwisho bila kufikiria. Marekani safu ya kwanza ni Jumapili, Ulaya mingi ni Jumatatu, Misri ni Jumamosi. Na kama uko na sista anafanya kazi Gulf, unajua hata wikendi si moja: Saudi Arabia ilihamia Ijumaa na Jumamosi mwaka 2013, lakini Falme za Kiarabu zikaenda Jumamosi na Jumapili kuanzia 2022. Lugha ni moja, wikendi mbili. Kwa hivyo kakalenda ikikuuliza lugha peke yake bila nchi, tayari imekosea.

Kwa Kiarabu, Kiajemi na Kiebrania pia kila kitu kinageuka. Safu zinaenda kutoka kulia, na mshale wa mwezi ujao unaangalia kushoto. Ukisahau kuugeuza, mtu anatafuta mwezi ujao anajipata mwezi uliopita.

Majirani wako na miezi 13

Ethiopia ndio mtihani wa ukweli. Wako na miezi 12 ya siku 30 kila mmoja, halafu mwezi wa 13, Pagume, wenye siku 5 ama 6. Mwaka mpya wao ni Septemba 11 ama 12, na wako nyuma yetu miaka 7 ama 8. Walisherehekea kuingia mwaka 2000 wakati huku ilikuwa Septemba 2007. Kama kakalenda yako imejengwa na nafasi 12 za miezi, Pagume atakaa wapi? Thailand nao wako mbele miaka 543, kwa hivyo 2027 kwao ni 2570. Iran mwaka unaanza karibu Machi 21, na miezi sita ya kwanza iko na siku 31. Mwaka wa Hijria nao uko na siku 354 ama 355, ndio maana Ramadhani hurudi nyuma karibu siku 11 kila mwaka.

Kuna pia saa. Sisi tukisema saa mbili asubuhi, simu inaonyesha 8:00. Ukitafsiri kakalenda yenye saa bila kujua hilo, unaandikia mtu "saa 8" na anakuja kuchukua basi saa nane mchana. Basi lilitoka saa sita zilizopita.

Kwa wasee wa kutengeneza tovuti

Onyesha kila mtu vile amezoea, lakini hifadhi kwa njia moja: 2027-03-04, mwaka kwanza, vile ISO 8601 inasema. Kile kisanduku cha type="date" hufanya hivyo chenyewe. Shida yake ni kwamba kinafuata lugha ya brauza. Kompyuta ikiwa kwa Kiingereza cha Marekani, uko Kayole lakini unaona mwezi kwanza. Kwa hivyo andika tena chini, kwa maneno: Alhamisi, 4 Machi 2027. Hapo hakuna mtu atapotea.

Majina ya miezi na siku ya kuanza wiki usijitungie. Ziko kwa data ya CLDR ya Unicode, na Intl.DateTimeFormat hukupa hayo majina bure.

Mdudu mwingine anauma sana hapa kwetu. Kenya iko saa tatu mbele ya UTC. Mtu akichagua Machi 4, programu inaishika kama usiku wa manane wa Nairobi, inaibadilisha iwe UTC, inapata Machi 3 saa 21:00. Ukikata saa, umehifadhi Machi 3. Bathdei ya mtu imerudi nyuma siku moja, na haitalingana na kitambulisho. Tarehe ya kuzaliwa haihitaji saa. Ihifadhi kama siku tu.

Na tafadhali, bathdei usiiwekee kakalenda ya mishale. Shosho aliyezaliwa 1951 atabonyeza karibu mara 900. Serikali ya Uingereza kwa fomu zake hupendekeza visanduku vitatu vya kuandika: siku, mwezi, mwaka. Inatosha kabisa.

Na wewe unayejaza fomu tu, kabla ya kutuma chagua tarehe 25 ya mwezi wowote, uangalie hiyo 25 imekaa kwanza ama katikati. Utajua fomu inasoma aje, kisha uweke tarehe yako.