Hekalu la Neasden Latimiza Miaka 30: Jengo la Kifalme Lisilo na Mfalme

Tarehe 20 Agosti 2025, Hekalu la Shri Swaminarayan la Neasden, kaskazini-magharibi mwa London, lilitimiza miaka 30 tangu lifunguliwe. Waingereza wamezoea kulionyesha kwa wageni kama ajabu mojawapo ya jiji lao. Sisi wa huku nasi tuna haki ya kulidai kidogo. Sehemu kubwa ya jumuiya iliyolijenga ilipitia Mombasa, Nairobi, Kampala na Jinja, na desturi yake ya kuchangishana ili kujenga nyumba ya ibada ugenini ilikomaa kwa fedha za maduka ya Afrika Mashariki. Msomaji wa Kisaka, wilayani Serengeti, anayejua barabara ya Sirari kuliko njia za London, asidhani habari hii ni ya mbali. Hekalu ndugu la hilo la Neasden liko Nairobi, na basi la kwenda huko linapita Isebania, Migori na Kisii.

Mtindo wa hekalu la Neasden ulilelewa na wafalme. Katika karne ya 11 Gujarat ilikuwa chini ya ukoo wa Solanki, makao yao yakiwa Patan. Wakati wa Mfalme Bhima wa Kwanza lilijengwa Hekalu la Jua la Modhera, linalohesabiwa kuwa la mwaka 1026 au 1027, likiwa na bwawa kubwa la ngazi mbele yake. Malkia wake, Udayamati, ndiye anayetajwa kuwa mjenzi wa Rani ki Vav, kisima cha ngazi kinachoshuka ardhini ghorofa kwa ghorofa huku kuta zake zimejaa sanamu. UNESCO ilikiingiza katika Urithi wa Dunia mwaka 2014. Waziri wa Bhima, Vimal Shah, aliyekuwa mfuasi wa dini ya Kijaini, alijenga hekalu la marumaru nyeupe huko Dilwara, juu ya Mlima Abu, mwaka 1031.

Mfalme, malkia, waziri: kila mmoja na jengo lake. Kujenga hekalu ilikuwa kazi ya utawala sawa na kukusanya kodi. Mfalme alitenga vijiji ambavyo mapato yake yaliwalisha makuhani, wapishi, wapiga ngoma na mafundi, jina lake likachongwa ukutani, na jirani aliyepita njia akajua nguvu iko kwa nani. Ushahidi ulio wazi zaidi uko kusini kabisa mwa India, Thanjavur, ambako Rajaraja wa Kwanza wa ukoo wa Chola alikamilisha hekalu lake mwaka 1010. Kuta zake ni daftari la mawe. Zimeandikwa vyombo vya dhahabu vilivyotolewa, vijiji vilivyotozwa, na wanawake wachezaji wapatao 400 walioletwa kutoka mahekalu mengine, kila mmoja na nyumba aliyopangiwa. Serikali ngapi za leo zinaweka hesabu zao mahali ambapo kila mpita njia anaziona?

Kila upande wa India ulikuwa na mkono wake. Mnara wa Thanjavur unapanda kwa tabaka zilizonyooka, piramidi ya itale yenye urefu unaozidi mita 60. Kaskazini mnara hupinda kadiri unavyopanda na kubebwa na minara midogo iliyoshikamana nao ubavuni, kama ilivyo Khajuraho, mji wa wafalme wa Chandella. Mashariki, pale Konark, Mfalme Narasimhadeva wa Kwanza wa karne ya 13 alijenga hekalu zima kwa umbo la gari la mungu jua, lenye magurudumu 24 ya mawe. Huko Belur, kwa wafalme wa Hoysala, mafundi walipata jiwe laini linalochongeka kirahisi na kuwa gumu likishapigwa na hewa, basi wakachonga mpaka vipuli vya masikio. Mtindo wa Gujarat na Rajasthan, ambao wataalamu huuita Maru-Gurjara, fahari yake iko ndani: nguzo nyingi, na kuba ambazo ukizitazama kutoka chini huoni hata kiganja cha jiwe kilichoachwa bila kuchongwa.

Ukoo wa Solanki ulipita, na mwaka 1299 majeshi ya Alauddin Khalji, sultani wa Delhi, yakaivamia Gujarat. Wafalme wajenzi wakatoweka huko, lakini mtindo wao haukufa, maana ulikuwa umekwisha kuingia mikononi mwa wafanyabiashara. Hekalu la Kijaini la Ranakpur, la karne ya 15, lilijengwa na tajiri Dharna Shah. Mtawala wa Mewar, Rana Kumbha, sehemu yake ilikuwa kuruhusu na kutoa ardhi. Ufundi nao ulibaki katika familia za Sompura, baba akimrithisha mwana vipimo, michoro na vitabu vya kale vya ujenzi. Prabhashankar Sompura ndiye aliyechora hekalu jipya la Somnath, lililofunguliwa mwaka 1951.

Swaminarayan, kiongozi wa dini ambaye hekalu la Neasden lina jina lake, alizaliwa mwaka 1781 karibu na Ayodhya na kufariki mwaka 1830 huko Gadhada, Gujarat. Hekalu lake la kwanza lilifunguliwa Ahmedabad mwaka 1822, kwenye ardhi iliyotolewa na Waingereza wa Kampuni ya East India. La Gadhada, la mwaka 1828, lilijengwa katika ua wa kabaila wa hapo, Dada Khachar, aliyekuwa mfuasi wake. Ndiyo kusema ufadhili ulikuwa umeshuka ngazi kadhaa, kutoka kwa mfalme hadi kwa kampuni ya kigeni na bwana wa kijiji. Mwaka 1907 Shastriji Maharaj alianzisha tawi la wafuasi wa Swaminarayan linalojulikana kwa kifupi kama BAPS, na tawi hilo ndilo lililojenga hekalu la Neasden.

Afrika Mashariki ilikwisha kuwazoea Wagujarati zamani. Kiswahili kimemhifadhi Baniani katika methali ya kiatu chake, kana kwamba hakuacha kingine. Ukweli ni kwamba katika karne ya 19 forodha ya Unguja, mfuko mkuu wa masultani, ilikodishwa kwa Jairam Shivji, Mhindu kutoka Kutch, na Sultani mwenyewe alikuwa mdeni wake. Baadaye reli iliwafungulia wenzao njia ya bara. Nanji Kalidas Mehta, aliyeanza na biashara ndogo, alijenga kiwanda cha sukari Lugazi, Uganda, mwaka 1924, kisha akatumia utajiri huo kujenga Kirti Mandir, kumbukumbu ya Gandhi, katika mji wa Porbandar. Jengo hilo lina urefu wa futi 79, kwa kuwa Gandhi aliuawa akiwa katika mwaka wake wa 79. Kazi ambayo karne tisa kabla ingefanywa na mfalme wa Patan ilifanywa na sukari ya Lugazi.

Wafuasi wa BAPS hawakuwa na Mehta wao. Wengi walikuwa makarani, watumishi wa reli na wenye maduka, wakikusanyika kwanza majumbani mwao. Mwaka 1955 kiongozi wao, Yogiji Maharaj, alikuja kufungua hekalu lao Mombasa. Alirudi mwaka 1960 na kufungua ya Kampala, Jinja na Tororo, na mwaka 1970 la Nairobi. Yalikuwa majengo ya kawaida ya saruji, yenye ukumbi na chumba cha sanamu, ambayo mtaalamu wa Maru-Gurjara angeyapita bila kugeuza shingo. Kwangu mimi ndiyo yenye uzito kuliko yote, kwa sababu hapo ndipo jumuiya ya watu wa mshahara na duka ilipojizoesha kuchangishana, kuweka hesabu na kujitolea nguvu kwa zamu, bila kumsubiri tajiri mmoja.

Kutoka Nairobi mwaka huohuo Yogiji Maharaj alikwenda London, na mwezi Juni akafungua hekalu dogo Islington, katika jengo lililokuwa kanisa. Wakati ulikuwa mbaya kwa Wahindi wa huku. Kenya walishaanza kuondoka kwa wingi kufikia 1968, Uingereza ikaharakisha sheria ya kuwafungia mlango. Tanzania ilitaifisha majumba ya kupangisha mwaka 1971. Agosti 1972 Idi Amin akawapa Wahindi wa Uganda siku 90 za kuondoka, na watu wanaozidi 27,000 wakaishia Uingereza, wengi na sanduku tu. Kampala, Jinja na Tororo zikabaki na mahekalu yasiyo na waumini, na Islington ikafurika. Mwaka 1982 jumuiya ilihamia bohari moja huko Neasden, ambayo waliigeuza kuwa mahali pa ibada.

Yogiji Maharaj alifariki mwaka 1971, akiwa amewaachia nia ya kuwa na hekalu la minara London. Aliyemfuata, Pramukh Swami Maharaj, aliamua lijengwe kwa jiwe tupu, kama la enzi za Solanki. Michoro ikapewa C. B. Sompura, wa familia zilezile za mafundi. Nondo haziruhusiwi katika jengo la namna hii, na sababu si ya dini peke yake: chuma hushika kutu, kutu huvimba, na jiwe hupasuka kutoka ndani. Uzito wote hushikwa na jiwe juu ya jiwe. Kwa hiyo msingi ulitangulia, na Novemba 1992 ulimwagwa usiku na mchana, tani 4,500 za zege ndani ya saa 24.

Jiwe lilichaguliwa kwa kuangalia hali ya hewa. Nje lilihitajika jiwe gumu la chokaa linalovumilia mvua na baridi, likapatikana Bulgaria, tani 2,828. Marumaru ya ndani, tani 2,000, ilitoka Italia. Mawe hayo hayakwenda London moja kwa moja. Yalipakiwa melini hadi Kandla, Gujarat, yakagawiwa kwa wachongaji 1,526, kisha yakasafirishwa Uingereza yakiwa vipande 26,300, kila kimoja na namba yake. Jiwe la kwanza liliwekwa Juni 1993, na katika miaka miwili hivi minara 7 na kuba 6 zilikuwa zimesimama.

Simama chini ya kuba kuu utazame juu. Imejengwa kwa pete za mawe, kila pete ikichomoza ndani kidogo kuliko ile iliyo chini yake, mpaka pete zinabana na kufungwa kwa jiwe moja la katikati. Hakuna nguzo ya kati wala chuma kilichofichwa. Uzito wa pete ya juu ndio unaoizuia ya chini isianguke. Ndiyo hesabu ya Modhera na Dilwara, na fundi wa mwaka 1031 angeweza kuikagua na kuipitisha.

Gharama inatajwa kuwa pauni milioni 12 hivi, na hapo ndipo somo la Mombasa na Jinja lilipozaa. Watoto walipita mitaani kuokota makopo ya alumini ya soda ili yauzwe, wakubwa walichukua likizo kazini kuja kung'arisha marumaru, na akina mama walipika chakula cha kuwalisha wote. Lakini tusijidanganye kwamba kila kitu kimebadilika. Wachongaji 1,526 wanakumbukwa kama idadi, na anayetajwa kwa jina ni kiongozi na mchoraji, kama enzi za Bhima. Pia, kwa kuchagua mkono wa Gujarat kila waendako, BAPS wameufanya mtindo wa jimbo moja uonekane mbele ya dunia kuwa ndio hekalu la Kihindu. Wahindu wa asili ya Kitamil, wanaoabudu chini ya minara ya kusini, wana haki ya kulalamika.

Kazi ilirudi Afrika upesi. Mwaka 1999 Pramukh Swami Maharaj alifungua hekalu la kuchongwa la Nairobi, karibu na barabara iliyokuwa ikiitwa Forest, nje jiwe la manjano la Jaisalmer, ndani mbao zilizonakshiwa. Pramukh Swami alifariki mwaka 2016. Mfalme naye amerudi kwa mlango mwingine: hekalu la Abu Dhabi, lililofunguliwa tarehe 14 Februari 2024, limejengwa kwenye ardhi aliyoitoa Sheikh Mohamed bin Zayed, Mwislamu, na minara yake 7 inahesabu emirati saba za nchi hiyo.

Historia ya huku kwetu, hata hivyo, haijaandikwa vya kutosha. Musoma na Tarime bado wapo wazee wanaowakumbuka Wahindi wenye maduka, nani aliuza nguo, nani alinunua pamba, nani alifunga duka mwaka gani na kwenda wapi. Walimu wa historia wa Tarime na Serengeti wawatume wanafunzi wakawahoji mwaka huu, na waandike majina.