Libasi ya Malkia na Mikono ya Wafumaji

Ndani ya eneo la Jumba Kuu la Kifalme mjini Bangkok limesimama jengo lililojengwa mwaka 1870, zama za Mfalme Chulalongkorn, ambalo kwa miaka mingi lilikuwa afisi ya ushuru ya Wizara ya Fedha, mahali ambapo mali ya raia ilihesabiwa, ikaandikwa daftarini na kuingizwa katika hazina ya dola. Mwaka 2003, jengo hilo likiwa tupu, Malkia Sirikit alimwomba mumewe, Mfalme Bhumibol, idhini ya kulitumia. Likakarabatiwa, na mwaka 2012 likafunguliwa kuwa makumbusho ya nguo yenye jina la malkia huyo. Wengi waingiao humo huvutwa kwanza na magauni aliyoyavaa katika dhifa za wafalme na marais, nami siwalaumu, kwa kuwa ni libasi za uzuri wa nadra. Walakini tarehe ya makumbusho haya, kwa nionavyo mimi, chanzo chake ni vijijini, chini ya sakafu za nyumba zilizoinuliwa juu ya nguzo, ambako wanawake wa nchi ile waliketi kufuma tangu zamani pasipo mtu wa mjini kuwatazama.

Ajabu ni kwamba baraza ya wafalme wa Siam, kama Thailand ilivyoitwa zamani, haikujivunia sana kazi ya vijiji vyake. Katika enzi ya Ayutthaya, mji uliokuwa makao ya dola tangu mwaka 1351 hata ulipoteketezwa na majeshi ya Burma mwaka 1767, nguo za fahari zilikuja kwa bahari kutoka Bara Hindi: patola za hariri za Gujarati, na pamba laini za pwani ya Coromandel, zilizotiwa rangi kwa nakshi ambazo baraza yenyewe iliziagiza, hata fundi wa Kihindi akawa anachora sura za malaika na miali ya moto kwa kuridhisha macho ya watu asiowajua. Mfalme aliwatunukia wakuu wake nguo hizo kwa kadiri ya daraja zao, na cheo cha mtu kikawa hujulikana kwa kitambaa alichojifunga kabla hajafumbua kinywa. Matajiri wa Gujarati walioshusha bidhaa zao katika bandari ya Malacca, zikaenea hata Siam, walikuwa kundi moja na wale ambao nguo zao zilivaliwa Kilwa, Mombasa na Malindi, zikabadilishwa kwa dhahabu na pembe. Basi waungwana wa pwani yetu na waungwana wa Ayutthaya, wasiojuana kwa sura wala kwa habari, walivikwa na wafumaji wa nchi moja.

Karne ya 19 ilileta mageuzi mengine. Mfalme Mongkut, aliyetawazwa mwaka 1851, aliwataka wakuu wake wafunike vifua wajapo barazani. Na katika enzi ya mwanawe, Chulalongkorn, wanawake wa jumba la kifalme walivaa blauzi za lesi zenye mikono iliyofura, za mtindo wa Ulaya, pamoja na chong kraben, ile nguo ndefu ipitishwayo katikati ya miguu na kuchomekwa nyuma kiunoni. Kisha akaja Phibun, aliyeshika uwaziri mkuu mwaka 1938, akaamuru kwa nguvu za serikali watu wavae kofia na viatu na sketi kama Wazungu, na chong kraben ikapigwa marufuku. Amri zile hazikudumu, lakini desturi ikivunjwa kwa sheria hairudishwi kwa kuifuta sheria.

Ndiyo sababu mwaka 1960, Malkia Sirikit alipojiandaa kufuatana na mumewe katika ziara ndefu ya Marekani na Ulaya, alitafuta vazi ambalo likionekana tu mtu angesema huyu ni mwanamke wa Thailand, asilipate. Akawataka wajuzi wapekue picha za mabibi wa zama zilizopita, na kutokana na uchunguzi huo yakatoka hatimaye mavazi manane, yaliyopewa majina ya kumbi na makasri, kama Chitralada, Amarin, Chakri na Dusit, kila moja na wakati wake, tangu vazi jepesi la mchana mpaka la dhifa ya usiku. Kwa mavazi ya Kizungu alimchagua Pierre Balmain wa Paris, aliyemhudumia mpaka alipofariki mwaka 1982, na darizi zikatiwa katika karakana ya Lesage. Balmain alizishona hariri za Thailand kwa taadhima ile ile aliyozipa hariri za kwao, na jambo hilo lataka kushukuriwa.

Ila hariri ya vijijini yenyewe ilikuwa ikififia. Mwaka 1970 mafuriko yaliipiga Nakhon Phanom, upande wa kaskazini mashariki, na malkia alipokwenda huko pamoja na mfalme kuwafariji watu, aliziona sketi za wanawake waliokuwa wakiwangoja: zilikuwa hariri za mudmee. Husimuliwa kwamba alipozisifu wenyewe walistaajabu, maana kwao zilikuwa nguo za maskini.

Mudmee si nguo ya kupuuzwa na aijuaye kazi yake. Mwanamke huchemsha vifukofuko vya manjano vya viwavi waliolishwa majani ya mforosadi, akavuta uzi mwembamba kutoka chunguni. Kisha nyuzi za mshindio huzitandaza juu ya kiunzi, na pale asipotaka rangi iingie huzifunga kwa kamba za mgomba, fundo baada ya fundo. Huzichovya, huzikausha, hufungua mafundo haya na kufunga mengine, akachovya tena. Nyekundu hutoka kwa wadudu watoao lakiri, na buluu hutoka katika nili. Baadaye nyuzi huviringwa kwa utaratibu usiovunjwa, kwa kuwa uzi mmoja ukitangulia mwenzake mchoro wote huharibika, na ndipo kufuma kuanzapo. Mfumaji aliyebobea nakshi yake hana haja ya kuichora; imo kichwani, ameipokea kwa mamaye. Ukiutazama ukingo wa ua au wa joka kwa karibu, utaona umetia ukungu kidogo, kwa sababu rangi ilipenya chini ya fundo, na hakuna mashine niijuayo mimi ipatayo uzuri huo bila kuiga.

Mwaka 1976 malkia aliasisi taasisi ya SUPPORT, iliyowapatia mafundi wa vijijini mafunzo na soko. Mwaka uliofuata, huko Kalasin, aliwaona wanawake wa Kiphuthai wa kijiji cha Ban Phon wamejitanda praewa, mtandio mwekundu mwembamba uliojaa nakshi ndogo ndogo. Akawahimiza wafume vipande vipana vya kutosha gauni. Wakafanya hivyo, na mtandio wa sherehe za kijijini ukawa kitambaa cha mabibi wa Bangkok.

Malkia Sirikit alifariki tarehe 24 Oktoba 2025, akiwa na umri wa miaka 93, na wafumaji wamempoteza mnunuzi wao mkubwa. Katika makumbusho yake wataalamu huyahifadhi magauni yake yasiliwe na mwanga wala unyevu, kazi ihitajiyo subira na elimu nyingi. Lakini humo humo pana duka liuzalo kazi za mafundi wa taasisi ile, nami duka hilo nalipa heshima sawa na kumbi za maonyesho, kwa kuwa kitambaa kikiuzwa hapo, mwanamke wa Kalasin hupata sababu ya kutanda mtande mwingine.