Lango la Mtaa wa Chalmers

Somo letu la leo latoka katika kitabu cha Mwanzo, sura ya 37, pale ndugu zake Yusufu walipomtoa shimoni wakamwuza kwa wafanya biashara waliokuwa wakishuka kwenda Misri. Bei yake imeandikwa: vipande ishirini vya fedha. Lakini liko jambo dogo mbele ya bei hiyo ambalo hutusumbua kila tulisomapo. Ndugu hao, wakiisha kumtupa Yusufu shimoni, waliketi wakala chakula.

Twataka kuwachukua mpaka mji wa Charleston, jimbo la South Carolina, kusini mwa Marekani. Katika mtaa wa Chalmers, uliotandikwa mawe, lipo jengo lisilo kubwa, lenye nguzo za pembe nane na tao pana juu ya lango. Leo ni makumbusho. Zamani lilikuwa soko, na bidhaa yake ilikuwa watu.

Kwanza minada ya watumwa mjini humo ilifanywa hadharani, njiani. Mwaka 1856 baraza la mji likaipiga marufuku minada hiyo ya njiani. Msikilizaji asidhani kwamba wazee wa mji walikuwa wametubu. La, hasha. Biashara ilitolewa barabarani ikaingizwa uani, basi. Mwaka huo huo Thomas Ryan akafungua ua wake wa mnada. Ndani yake palikuwa na nyumba ya matofali yenye orofa nne, ambamo watu walifungiwa wakingojea siku ya kuuzwa. Palikuwa na jiko. Na palikuwa na chumba cha kuwekea maiti. Hebu fikirini, ndugu. Hata vifo vilikuwa vimepangiwa chumba. Mwaka 1859 dalali Ziba Oakes, aliyekuwa ameununua ua huo, alijenga jengo hili lenye tao. Watu walisimamishwa juu ya meza ndefu, yenye kimo kama cha futi tatu, ili kila mnunuzi awaone. Mnada wa mwisho ulifanywa mwaka 1863, vita vikiwa vimepamba moto.

Mji huo wasifika kwa wingi wa minara ya makanisa. Wanunuzi wengi walikuwa Wakristo waliobatizwa, waliokaa katika viti vyao kila Jumapili. Wamethodisti wa Marekani waligawanyika kwa ajili ya utumwa mwaka 1844, na Wabaptisti mwaka 1845; na sehemu ya kusini haikukosa wahubiri wa kuutetea. Katika jimbo jirani la Georgia, mwaka 1833, mchungaji wa Kipresbiteri, Charles Colcock Jones, aliwahubiria watumwa kutoka Waraka kwa Filemoni, akawafundisha kwamba si halali mtumwa kumtoroka bwana wake. Kama nusu ya wasikilizaji wake waliinuka wakaenda zao. Aliyeandika habari hiyo ni Jones mwenyewe, nasi twamshukuru kwa ukweli huo. Hao walioinuka walimjua Mungu vema kuliko yeye aliyesimama mimbarini.

Mwezi wa Februari 1865 majeshi ya kaskazini yaliingia Charleston. Tarehe 21 Machi watu weusi wapatao elfu kadha walipita mjini kwa maandamano: mafundi, wanafunzi wa shule, vyama vya wazima moto. Katikati lilikuja gari, na juu yake mtu aliyejifanya dalali, akinadi akina mama wawili na mtoto. Nyuma yake likafuata gari la jeneza, limeandikwa kwamba utumwa umekufa. Yasemekana baadhi ya wanawake wazee walipoliona lile gari la mnada walilia kwa sauti, wakiwakumbuka watoto wao wenyewe.

Baada ya hapo jengo la mtaa wa Chalmers likawa nyumba ya kupanga, kisha likatumika kwa kazi ya magari. Wakazi wengine wa mji walianza kusema kwamba hapakuwa na soko la watumwa hapo kamwe. Mwaka 1938 mama mmoja mzungu, Miriam Wilson, alilinunua akaweka makumbusho, akaonyesha kazi za mikono za watumwa. Maelezo yake juu ya utumwa yalikuwa laini mno, lakini jengo alilihifadhi. Makumbusho hayo yalifungwa mwaka 1987, mji ukalinunua jengo mwaka uliofuata, nayo yakafunguliwa tena mwaka 2007. Tarehe 19 Juni 2018 baraza la mji liliomba radhi rasmi kwa ajili ya utumwa.

Nasi wa huku je? Soko la Unguja lilifungwa mwaka 1873, na kanisa kuu la Mkunazini likajengwa mahali pake. Mwaka 1875 wamisionari wa CMS walianzisha Frere Town karibu na Mombasa, kwa watumwa waliookolewa baharini. Hayo twayasimulia kwa furaha. Tusiyoyasimulia sana ni habari za watoro wa mashambani waliokimbilia misheni ya Rabai, huku misheni ikiwa imekwisha kuahidi kutowapokea. Wengine walipokewa hata hivyo, kwa siri. Mabwana zao wakaja kuwadai. Mwanzoni mwa 1889 watoro zaidi ya elfu moja walipewa hati za uhuru, na fidia ikalipwa. Waliolipwa ni mabwana. Mtoro alipata karatasi.

Jengo la kanisa la kale la Rabai nalo sasa ni makumbusho, na kutoka Mombasa si safari ndefu. Mwendapo, chukueni watoto, na mtakapofika mwulizeni mwenyeji habari za watoro hao, si za wamisionari peke yao. Na juma hili someni Filemoni nyumbani. Ni sura moja tu.